Moteri ya Tajudini

Sehemu ya Kumi na Moja

Nukta tatu. Si mbili, si nne. Tatu, zimekaa kama mafiga, na chini yake herufi T iliyolalia kidogo kushoto.

Twahiru alizitazama mpaka macho yakamwuma. Wasomaji waliokuwa naye juma lililopita walimwona akisugua ubavu wa injini ile kuukuu kwa brashi ya waya, grisi ikibanduka vipande vipande kama ukoko wa sufuria, mpaka chuma kikaonekana. Na juu ya chuma, alama hiyo.

Hakuwa na haja ya kumuuliza mtu ni alama ya nani. Aliipiga yeye mwenyewe, kwa nyundo na msumari wa chuma kigumu, miaka mitano iliyopita, katika garaji hii hii ya mtaa wa Jabe, Bujumbura. T ya Twahiru na T ya Tajudini. Herufi moja ya watu wawili. Siku hiyo walikuwa wamemaliza kuifufua injini ya Hiace ya Tajudini, ikawaka kwa mara ya kwanza, wakakumbatiana na mikono yao myeusi mpaka mashati yakaharibika.

Na Tajudini alikuwa amekufa.

Hivyo ndivyo Jabe yote ilivyojua. Aprili ya mwaka juzi mvua ilishusha mlima kwenye barabara ya Rumonge, udongo ukasukuma magari mawili ziwani. Moja lilivutwa likatoka. La pili, Hiace ya Tajudini aliyekuwa akirudi peke yake bila abiria, halikuonekana tena. Siku ya tatu wavuvi waliokota plati yake ya nambari, ile ya nyuma, ufukweni, basi. Watu wakamswalia bila maiti. Mkewe Soumaya akakaa eda, akaimaliza, akaendelea kukaa. Mashehe walikutana, wakatamka kwamba ni marehemu. Na miezi minane iliyopita, Twahiru, ambaye alikuwa na miaka arobaini na mbili na hajawahi kuoa, alimuoa Soumaya.

Siku ya ndoa shehe mmoja alimvuta pembeni akamwambia kwa sauti ya chini, "Kijana wangu, mutu akirudi, hii ndoa inakuwa na maneno mengine."

Twahiru aliitikia tu. Nani hurudi kutoka ziwani?

Sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya jibu.

"Imetoka ziwani," akajiambia kwa sauti. "Wameiopoa, wakaiuza. Ni hivyo tu."

Alichukua kitambaa, akakichovya kwenye bidoni la mazutu, lile dumu la dizeli, akaingiza mkono ndani ya silinda ya kwanza, akafuta. Injini iliyokaa majini wiki moja tu huliwa na kutu, kuta zake zikabaki na vishimo kama uso wa aliyeugua ndui. Kila fundi anajua.

Silinda iling'aa. Alijiona ndani yake, amepindapinda.

Akafuta ya pili. Ikang'aa. Ya tatu. Ya nne.

Injini hii ilikuwa haijanywa tone la maji.

Basi plati ilifikaje ufukweni? Plati haijifungui bolti zake yenyewe, msomaji. Mtu aliifungua.

Twahiru alihisi ubaridi ukimpanda mgongoni, na ilikuwa saa nne asubuhi, bati la garaji limeshaanza kuchoma. Akaigeukia kulasi, kile kichwa cha injini alichokuwa amekitenganisha jana jioni bila kukiangalia vizuri. Gasketi yake ilikuwa ya kijani. Gasketi za kijani zilianza kufika kwenye maduka ya Bujumbura Ramadani iliyopita. Kabla ya hapo zote zilikuwa nyeusi.

Kwa hiyo mtu alikuwa ameifungua injini hii na kuifunga tena, mwaka huu.

Fundi gani?

Alitafuta. Laiti asingetafuta! Aliinamisha shingo kwenye pampu ya maji, akafuta vumbi kwa kidole gumba, na pale kwenye vichwa vya bolti akaona matone madogo mekundu, bado mapya. Si rangi ya ukuta, si rangi ya gari. Ni rangi ya kucha.

Katika mji huu wote ni mtu mmoja tu aliyekuwa akitia bolti rangi ya kucha za mkewe ili ajue ipi ameshaikaza. Watu walimcheka. Yeye alisema mkono wake wa kushoto una kidole kibovu, hauwezi kukumbuka, basi macho yamsaidie.

Tajudini alikuwa hai. Na mikono yake ilikuwa imeigusa injini hii si zamani.

"Fundi!"

Twahiru aliruka. Alilivuta turubai lililokuwa karibu, akaitupia injini, akasimama mbele yake kama mtu anayeziba mlango.

Soumaya aliingia na bakuli lililofungwa kitambaa, jasho limemkaa puani, tumbo la miezi mitano likimtangulia. Alikuwa akimwita Fundi tangu zamani, kabla ya ndoa, kabla ya msiba, na jina halikubadilika.

"Leo hata bakuli hunipokei? Uko sawa?"

"Niko sawa. Usikae sana humu, hii mazutu itakupandisha kichefuchefu."

"Uso wako leo si wako."

"Ni njaa."

"Basi kula, nikuone."

Alikula. Wali na ndagala, vile vidagaa vya ziwani, chumvi kidogo, pilipili pembeni kama apendavyo. Alimeza matonge matatu bila kutafuna.

"Ni moteri ya nani hiyo umeifunika kama maiti?"

Ndagala zikamkwama kooni. Alikohoa mpaka machozi yakatoka, Soumaya akampiga mgongoni kwa kiganja.

"Ya muzee Pontien wa Ngagara. Ile yake ilipasuka, amenunua hii, anataka nimuwekee. Jumamosi anaipeleka barabarani."

"Na kwa nini umeifunika?"

"Vumbi. Nikishaosha vyuma sipendi vishike vumbi."

Soumaya aliliangalia turubai. Aliliangalia muda mrefu kuliko mtu anavyoangalia turubai. Kisha akauliza jambo ambalo Twahiru hakulielewa mpaka saa kadhaa baadaye.

"Fundi, mutu akiwa na habari nzito, we unapenda akuambie mara moja, ama akuache kwanza upumue?"

"Mutoto ana shida?"

"Apana. Mutoto anacheza tu. Tangu asubuhi anapiga mateke."

"Basi?"

"Basi, kula. Nilikuwa nauliza."

Alikusanya bakuli, akaondoka akipitia kivulini. Twahiru alibaki amesimama, akinusa harufu ya sabuni yake iliyobaki katikati ya harufu ya mazutu. Miezi minane. Miaka arobaini na mbili ya kulala peke yake, kisha miezi minane.

Alilifunua turubai.

Wazo lilimjia hapo, na asiyewahi kujiwa na wazo kama hilo ndiye amlaani. Alama ni ya nukta tatu na herufi moja. Ukiikwangua, inakuwa chuma tu. Rangi ya kucha inatoka kwa petroli. Gasketi inatupwa, inawekwa nyingine. Jumamosi injini inaondoka ndani ya gari la mzee Pontien, na hakuna mtu chini ya jua atakayejua.

Alichukua mashine ya kukwangulia chuma, akachomeka waya, akaisogeza ubavuni mwa injini, akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena.

"Umeme wamekwenda nao!" Ilyasi alipiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta wa mabati. Ilyasi alikuwa mchomeleaji wa rejeta, kijana mchangamfu aliyehamia hapo mwaka jana. "Fundi, na kwako pia?"

"Na kwangu pia," Twahiru akajibu, na sauti yake ikamshangaza kwa jinsi ilivyotulia.

Akatupa mashine. Akachukua tupa ya mkono.

Alikwangua. Nukta ya kwanza ikafifia, ikapotea. Akaanza mguu wa ile T. Vumbi la chuma likamwingia kwenye kucha. Alikwangua huku meno yameumana, na kadiri alivyokwangua ndivyo jambo moja lilivyozidi kumrudia, jambo alilokuwa amelizika mbali kuliko maiti yoyote.

Kile kidole kibovu cha Tajudini.

Kilikatika humu humu. Tajudini alikuwa ameinama mbele ya injini, mkono karibu na mkanda wa feni. Twahiru alikuwa kwenye kiti cha dereva. Nani alisema "washa"? Mpaka leo hajui. Alichojua ni kwamba yeye ndiye aliyezungusha ufunguo. Nusu ya kidole ilianguka chini ya gari, na Tajudini, akiwa amekunja mkono kifuani, shati likilowa damu, alimwambia, "Usilie we, nina vingine tisa." Hakumlaumu siku hiyo. Hakumlaumu hata siku moja.

Tupa ikasimama. Twahiru aliuamrisha mkono uendelee. Mkono ukakataa.

"Ohoo! Fundi! Unafuta nambari ya moteri yangu?"

Mzee Pontien alikuwa mlangoni, shati ndani ya suruali, mfuko wa plastiki wenye karatasi umebanwa kwapani. Alikuwa amestaafu wizarani, na alitembea na karatasi zake kama wengine wanavyotembea na fimbo.

"Apana, muzee. Nambari iko hapa, angalia, iko nzima."

"Na hicho unachofuta?"

"Alama tu. Haina maana."

"Kama haina maana, unaifuta ya nini?" Pontien akasogea, akavaa miwani. "Mi nimekaa ofisini miaka thelathini na moja. Mutu akianza kufuta kitu, najua kuna jambo. Hii ni moteri ya wizi? Niambie sasa hivi. Wajukuu wangu watatu wanaishi kwa hiyo Hiace. Polisi wakinisimamisha barabarani, nitasema nini?"

"Si ya wizi."

"Unajuaje?"

Twahiru akauliza yeye, haraka, kabla ujasiri haujamtoka. "Muzee, hii moteri ulinunua kwa nani?"

"Kwa Darius, anayeuza vyuma vya magari kule Kamenge. Nina karatasi."

"Yeye aliitoa wapi?"

"Sikumuuliza. Ila swali lako ni zuri. Tumuulize."

Mzee akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya juu. Twahiru alitamani kumpokonya simu ile na kuitumbukiza kwenye bidoni la mazutu. Alisimama tu, tupa mkononi.

"Alo, muzee Pontien!" Sauti ya Darius ilijaza garaji. "Usiniambie moteri imekushinda. Ile iko safi kabisa."

"Iko safi, ego, ndiyo. Fundi wangu anataka kujua uliipata wapi."

"Kwa mutu wa Nyanza-Lac. Aliileta juu ya kamio ya mizigo, imefungwa na blanketi kama mugonjwa."

"Mutu gani?" Twahiru alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza.

"Mwembamba, ana ndevu. Muislamu. Kidole kimoja cha mukono wa kushoto kimekatika nusu." Darius akashusha sauti. "We fundi, mi nimeona watu wengi wakiuza moteri. Sijawahi kuona mutu anaililia moteri. Yule alilia. Alisema gari ilishaisha, imebaki hii tu, na anaiuza ili asirudi nyumbani mikono mitupu. Alisema ana muke hapa Buja. Anataka kumurudilia muke yake."

Mzee Pontien alitikisa kichwa kwa huruma. "Yoo! Masikini."

"Ni lini?" Twahiru akauliza.

"Kama wiki tatu zimepita. Ama mbili na nusu. Sijui. Kuna shida?"

"Apana, mersi Darius." Pontien akakata simu, akakunja miwani. Alimtazama Twahiru kwa namna nyingine sasa, si kwa ukali. "Fundi. Huyo mutu unamujua?"

Hapo ndipo mahali ambapo mtu huwa na nafasi moja. Neno lilikuwa karibu, kwenye ncha ya ulimi. Ndiyo, namjua. Tulikula sahani moja miaka kumi na minne. Nimemuoa mkewe.

"Apana," akasema Twahiru. "Simujui."

"Basi kazi iendelee. Jumamosi, fundi."

"Jumamosi, muzee."

Mzee akaenda zake, ameridhika. Twahiru aliketi kwenye gurudumu lililolala chini.

Alifikiri aende kwa shehe. Shehe angesema nini ambacho hakukisema siku ya ndoa? Alifikiri aende Nyanza-Lac akamtafute Tajudini. Amwambie nini, karibu? Au tafadhali kaa huko huko? Alifikiri amchukue Soumaya wahame, mbali, ng'ambo. Na tumbo lile? Na barabara zipi? Alifikiri aipasue injini kwa nyundo kubwa, amwambie Pontien ilikuwa na ufa. Nayo ilikuwa imelala pale na silinda zake nne zinazong'aa, nzima kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya garaji.

Kila mlango aliousukuma ulifunguka kwenye ukuta.

Basi akafanya kitu pekee alichokiweza. Alifanya kazi. Alichukua pistoni moja baada ya nyingine, akachokonoa masizi kwenye mifereji yake kwa kipande cha ringi iliyovunjika, kama Tajudini alivyomfundisha. Alisaga vali, akizungusha kijiti kati ya viganja, kulia kushoto, kulia kushoto, mpaka kingo zikawa na mviringo wa kijivu usiokatika. Alimimina mazutu juu yake akangoja aone kama inavuja. Haikuvuja. Alipuliza matundu ya mafuta. Vyuma vilimtii vyote. Vilikuwa ndivyo pekee vilivyomtii siku hiyo, na alizidi kuona kwamba anavyoisafisha injini ile ndivyo anavyomsafishia njia mwenye nayo.

Akavipanga juu ya gazeti, pistoni nne kwa mstari, vali nane kwa mstari, kila moja na nafasi yake.

Adhana ya alasiri ilimkuta hapo. Alinawa kwa sabuni ya unga na mchanga, akachukua udhu, akaswali kwenye kona ya garaji. Kwenye sijida alikaa mpaka damu ikamjaa kichwani, maana hakujua aombe nini. Aombe rafiki yake awe hai? Alikuwa hai. Aombe awe amekufa? Aliinua kichwa kwa hofu, kana kwamba mtu amemsikia.

Aliacha garaji wazi. Alimwambia Ilyasi amtupie jicho, akaenda nyumbani.

Nyumbani kulikuwa mitaa minne tu, vyumba viwili ndani ya ua wenye wapangaji watano. Soumaya alikuwa amekaa mkekani, sinia la maharage mapajani, akitoa mawe.

Twahiru hakukaa. Alijua akikaa hatasema.

"Soumaya. Moteri ya Tajudini iko garaji kwangu."

Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe. Kimoja akakiokota, akakitupa uani.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Ile niliyoifunika na turubai. Ndiyo hiyo. Nimeifungua yote. Haikuingia ziwani, Soumaya. Hata siku moja."

"Najua."

Kuku wa jirani alipita kati yao. Twahiru alishika mwimo wa mlango.

"Unajua?"

Soumaya aliweka sinia chini. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshtushwa. Ulikuwa uso wa mtu aliyebeba ndoo mbali sana na hatimaye ameitua.

"Alinipigia simu," akasema. "Ijumaa. Si hii iliyopita, ile ya nyuma. Nambari siijui, nikasema alo, alo. Mutu akanyamaza. Halafu akaniita jina fulani."

"Jina gani?"

"Jina ambalo hakuna mutu mwingine analijua. Hata we."

Twahiru alilipokea hilo kifuani kama teke. Miezi minane, na kumbe ndani ya nyumba yake kulikuwa na jina asilolijua.

"Ukasema nini?"

"Nilisema, 'Niko na mimba.' Ndilo neno la kwanza lililonitoka. Sikumsalimia, sikulia. Niko na mimba. Kama mwizi anayejishitaki mwenyewe."

"Na ye?"

"Akasema 'Alhamdulillahi.' Halafu simu ikakatika. Ama aliikata. Sijui." Alijifuta macho kwa upande wa mkono uliokuwa na vumbi la maharage. "Nimepiga ile nambari mara kumi na saba. Haipatikani."

"Umempigia?"

"Ndiyo, nimempigia! Unataka nikudanganye? Wiki mbili nimekudanganya, nimechoka. Leo nilikuja na chakula ili nikuambie. Nikakuta umesimama mbele ya lile turubai na ule uso wako, nikashindwa."

"Alikuwa wapi muda wote huu?"

"Sikumuuliza. Niliogopa isije ikawa sababu ya haki. Kama alinitupa, ningemchukia, ningelala usingizi. Lakini kama alikuwa gerezani? Kama alikuwa mugonjwa mahali?"

Twahiru sasa alikaa. Wakawa wamekaa pande mbili za sinia lile.

"Akija mlangoni?" akauliza.

"Usiniulize hivyo, Fundi."

"Nimuulize nani?"

"Nikujibu nini? Huyu aliye humu ni wako." Aliweka kiganja tumboni. "Na yule alikuwa mume wangu miaka tisa, hakunikosea hata neno moja. We nawe hujanikosea. Basi niambie we, nani nimfukuze?"

Twahiru alitazama mikono yake, weusi uliobaki kwenye mistari ya viganja, ule usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Leo nilianza kuifuta ile alama," akasema. "Kwa tupa."

"Ukaimaliza?"

"Apana. Nusu."

"Kwa nini uliacha?"

"Mukono ulikataa." Akaokota harage moja lililodondoka. "Lakini mdomo haukukataa. Pontien aliniuliza kama namujua mwenye hii moteri. Nilisema simujui."

Soumaya alifunika mdomo wake kwa mkono. Hakumkaripia. Ingekuwa nafuu kama angemkaripia. Alimtazama tu juu ya vidole vyake, na machozi yakamshuka yakapita kwenye vidole, na Twahiru hakujua kama anamlilia yeye, au anamlilia yule mwingine, au anajililia mwenyewe. Alitaka kumshika. Mkono aliuinua nusu, akaurudisha gotini. Kwa mara ya kwanza tangu amuoe hakuwa na hakika kama ni halali yake kumgusa.

Simu ikalia mfukoni mwake.

Ilyasi. Aliiacha ilie. Ikakatika, ikaanza upya.

"Pokea," Soumaya akasema. "Pengine ni kazi."

Vidole vya Twahiru vilikuwa na jasho, vikabonyeza vibaya, sauti ya Ilyasi ikatoka kwenye spika, chumba kizima kikaisikia.

"Fundi, uko wapi? Kuna mutu garaji kwako."

"Pontien?"

"Si Pontien. Mutu simujui. Aliingia akanisalimia vizuri sana, nikadhani ni mteja anakungoja. Sasa nimechungulia, namukuta amevua viatu, amekunja mikono ya shati, amekaa chini kwa ile moteri."

"Anafanya nini?"

"Anaifunga! Ameshatia pistoni mbili. Ameniazima spana ya kumi na nne. Nimemuambia, kaka, acha hiyo, hiyo ni kazi ya mwenyewe, akuje akukute utasema nini? Hakasiriki. Anasema nisihangaike, hatachelewa."

Nyuma ya sauti ya Ilyasi ilisikika nyingine, ndogo, ya chuma kikigonga chuma. Taratibu, mara mbili mbili, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani.

"Ilyasi," Twahiru akasema. "Amesema ye ni nani?"

"Nimemuuliza mara tatu. Anacheka tu. Anasema, 'Muambie Fundi asikimbie, na asije peke yake.' Sasa nifanye nini? Nimutoe?"

Twahiru aliiteremsha simu polepole, akiwa bado anatafuta sentensi moja, moja tu, ya kumwambia mkewe, kisha akainua macho.

Soumaya alikuwa ameshavaa viatu.